LIKIZO YA KIANGAZI: MTOTO WA ASKARI APEWE UDONGO NA RANGI

Kila mwaka, mwezi wa Desemba uingiapo, shule za Uganda hufunga milango yake, na kambi zetu za jeshi na za polisi hujaa sauti za watoto. Hiyo ndiyo likizo ndefu kuliko zote tatu za mwaka. Huendelea hadi mwanzoni mwa Februari, na katika sehemu kubwa ya nchi huangukia kiangazi, majira ambayo njia ni kavu, jua ni kali, na mtoto hana sababu ya kushinda ndani. Kwa mtoto ni neema. Kwa mzazi aliyevaa sare, hasa yule ambaye zamu yake haijui Krismasi wala Mwaka Mpya, ni swali zito: mtoto huyu atashinda wapi, na mikono yake itafanya nini?

Swali hili si la mzaha. Wapiganaji wetu wengi huwa mbali na nyumbani wakati huo. Tangu mwezi wa Machi 2007 vikosi vya Uganda vimekuwa vikipishana kwenda kulinda amani nchini Somalia, na wenzao wamewekwa mipakani na katika vituo vya mbali. Askari polisi naye, sikukuu za watu wengine ndizo siku zake za kazi nyingi kuliko zote. Mama hubaki na biashara ndogo, maji ya kuchota na mtoto mchanga mgongoni. Nyumba nazo twazijua sote. Wapo wanaoishi katika nyumba nzuri za matofali, na wapo ambao bado wanaishi katika vile vibanda tulivyovipa wenyewe jina la "mama ingia pole", ambamo mtoto wa miaka 10 hana hata pembe moja ya kuiita yake.

Katika makala haya tunakusudia kueleza jambo moja ambalo kila kambi yaweza kulifanya bila kungoja fungu la fedha, nalo ni kuwapa watoto kazi za sanaa wakati wa likizo: kuchora, kupaka rangi, kufinyanga, kusuka, kuunda vitu vya kuchezea, kusimulia na kuigiza. Tutaeleza pia kwa nini kazi hiyo, ijapoonekana nyepesi, humtaka askari aweke kando desturi mojawapo aliyofundishwa vizuri kuliko nyingine zote.

MIKONO ISIYO NA KAZI

Wahenga walisema kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Ulimwengu wa mtoto wa kambini uko karibu sana. Nje ya lango kuna senta yenye vibanda vya video, pombe na watu wasio na shughuli. Ndani ya lango kuna hatari nyingine, ambayo watoto wa raia wengi hawaijui. Mtoto hupenda chuma king'aacho. Maganda ya risasi kutoka katika uwanja wa kulenga shabaha huyafanya filimbi, magurudumu na mapambo, na siku atakapookota kitu ambacho hakijalipuka hataweza kukitofautisha na ganda tupu. Kumkataza peke yake hakutoshi. Mtoto huokota chuma kwa sababu anataka kuunda kitu, na asipopewa cha kuundia, atakitafuta mwenyewe.

Tulipata funzo kubwa juu ya jambo hili wakati wa maradhi ya korona. Shule za Uganda zilifungwa mwezi wa Machi 2020, nazo hazikufunguliwa tena kwa wanafunzi wote hadi tarehe 10 Januari 2022. Kwa watoto wengi hiyo ilikuwa likizo ya karibu miaka miwili, ambayo hawakuiomba. Wasichana wengi walipata mimba, na wavulana wengi walizoea kazi za vibarua hata wakasahau njia ya darasani. Hatusemi kwamba penseli na udongo vingeyazuia hayo yote. Twasema tu kwamba mtoto mwenye mahali pa kwenda kila asubuhi, mwenye kazi aliyoianza jana na anayetaka kuimaliza leo, ni vigumu kumwita kando na kumpotosha.

KAZI YENYE HESHIMA YAKE

Wazazi wengine watanung'unika. Watasema kuchora ni mchezo, na kwamba likizo ni wakati wa kurudia hesabu na Kiingereza. Hatuwalaumu. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi hutahini masomo manne: Kiingereza, hesabu, sayansi na maarifa ya jamii. Sanaa imo katika mitaala ya shule za msingi, lakini kisichotahiniwa huachwa nyuma, na mwalimu mwenye watoto 90 darasani hana nafasi ya kugawa rangi. Kwa sababu hiyohiyo twasema likizo ndiyo nafasi yenyewe.

Tena sanaa si kitu kigeni hapa petu. Mwaka 1937, Margaret Trowell, mwalimu Mwingereza aliyekuwa mke wa daktari wa hospitali ya Mulago, alianza kufundisha uchoraji kwenye baraza ya nyumba yake mjini Kampala. Hakuwa na jengo wala vifaa vya maana. Kutokana na baraza hiyo ilizaliwa shule ya sanaa ya Makerere, ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake. Mwaka 1939 kazi za wanafunzi wake zilioneshwa London. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo Sam Ntiro, kijana kutoka Kilimanjaro, ambaye baadaye alikuwa mchoraji mashuhuri na pia balozi wa Tanganyika nchini Uingereza. Alikuwamo pia Gregory Maloba, mzaliwa wa Kenya. Huyo ndiye aliyeitengeneza sanamu ya Uhuru iliyowekwa katikati ya Kampala mwaka 1962. Kila askari aliyepata kulinda doria mjini humo ameiona: mwanamke aliyezungushiwa vitambaa mwilini, naye amemwinua mtoto juu kwa mikono miwili. Twapita mbele yake tukiwa na haraka, na pengine hatukumbuki kwamba mikono iliyoifanya ilianza, kama mikono yote, kwa kuchezea udongo.

Wala si lazima kila mtoto awe Maloba. Mtoto anayekata karatasi, anayepima waya, anayechanganya rangi mbili akapata ya tatu, anajifunza kipimo, subira na kufikiri mbele. Yule mvulana wa laini za kambini anayeunda gari la waya lenye usukani unaogeuza magurudumu ya mbele amekwisha ifahamu kanuni ambayo fundi wa karakana yetu hulipwa kuijua.

HAPA HAKUNA GWARIDE

Sasa twafika penye shida. Sisi askari tumefundishwa kufanana. Katika kwata, mguu mmoja ukichelewa, kikosi kizima huharibika. Kitanda hutandikwa kwa namna moja, buti hung'arishwa kwa namna moja, na saluti ni moja. Mambo hayo ni mema mahali pake, na maisha ya watu huyategemea. Lakini mzazi huyu akirudi nyumbani akamkuta mtoto anachora ng'ombe wa buluu, ulimi wake humtoka kabla ya fikira: "Nani amekuambia ng'ombe ni wa buluu? Futa, uchore upya."

Mtoto hufuta. Kesho hachori ng'ombe tena. Humngoja baba amchoree, kisha huiga. Na mtoto aliyezoea kungoja achorewe hata ng'ombe ni vigumu kumtazamia aamue mambo makubwa atakapokuwa mtu mzima.

Wataalamu wa malezi wameyachunguza kwa makini maendeleo ya mtoto katika kuchora. Mmoja wao, Viktor Lowenfeld, mzaliwa wa Austria aliyehamia Marekani, aliyaeleza hatua kwa hatua katika kitabu alichokitoa mwaka 1947. Mtoto wa miaka miwili huchora mistari ya ovyo, naye hufurahia kuona mkono wake umeacha alama. Afikapo miaka mitatu au minne, huchora mtu mwenye kichwa kikubwa ambacho miguu yake imetokea moja kwa moja chini ya kidevu. Afikapo miaka sita au saba, huweka mstari wa ardhi chini na mstari wa mbingu juu, na nyumba aichorayo huonesha vilivyomo ndani kana kwamba kuta ni za kioo. Aliye muhimu humchora mkubwa, asiye muhimu humchora mdogo. Hayo si makosa. Ni hatua, kama vile kutambaa kunavyotangulia kutembea, na hakuna mzazi anayemkemea mtoto mchanga kwa kutambaa.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya saa ya sanaa ni hii: mkubwa asichore mfano ubaoni ili wote waige, wala asiushike mkono wa mtoto kumsaidia. Kanuni ya pili: asiulize, "Hiki ni kitu gani?" Aseme, "Hebu nisimulie habari za picha yako," kisha anyamaze asikilize. Tulipata kumwona koplo mmoja, aliyekuwa amerudi likizo fupi, akishika karatasi ambayo mwanawe alikuwa amemchora. Picha ilionesha sare, buti na mkoba mkubwa, lakini uso haukuwamo. Baba alikuwa amechorwa kwa mgongo. Koplo alitaka kujua kwa nini hakupewa macho. Mtoto akajibu kwamba hivyo ndivyo amwonavyo mara nyingi, akiwa anakwenda. Koplo hakusema neno. Alikaa chini kwenye mkeka pamoja na watoto, akaomba penseli, na asubuhi hiyo hakuondoka hadi saa ya chakula. Kama angeanza kwa kusahihisha picha, asingeyasikia maneno hayo.

VIFAA TUNAVYOVIKANYAGA

Wako watakaosema kwamba rangi za dukani ni ghali. Ni kweli, lakini si lazima. Vitu vingi vya kazi hii twavikanyaga kila siku.

Udongo wa mfinyanzi hupatikana kandokando ya mabwawa na mito. Watoto waende kuuchimba wakiwa na mtu mzima, wautoe mawe na mizizi, waukande kama unga wa chapati hadi ulainike, kisha waufunike kwa jani la mgomba au nailoni usikauke. Vipande viwili viunganishwapo, kila kimoja kichorwe mistari kwa kijiti na kupakwa udongo ulioloweshwa ukawa kama uji. Bila hivyo mguu wa tembo utadondoka ukikauka. Kazi ianikwe kivulini, kwa maana jua kali huipasua. Wahenga walinena kwamba udongo uwahi uli maji, na hapa mtoto huyaelewa maneno hayo kwa vidole vyake.

Rangi zaweza kutengenezwa jikoni. Mkaa uliosagwa hutoa nyeusi, majivu hutoa kijivu, udongo mwekundu na vumbi la tofali hutoa nyekundu ya kahawia, binzari hutoa manjano, na majani mabichi yaliyopondwa hutoa kijani. Kila unga uchekechwe kwa kitambaa, kisha uchanganywe na uji mzito wa muhogo uliopoa ili rangi ishike karatasini. Brashi ni kijiti kilichotafunwa ncha kama mswaki, au unyoya wa kuku. Karatasi ni maboksi yaliyokunjuliwa, na migongo ya kalenda za mwaka uliopita. Karatasi za ofisi zenye maandishi ya kazi zisiguswe hata kidogo. Za kuteketezwa ziteketezwe.

Magome makavu ya mgomba, yale ambayo Waganda huyaita ebyayi, hutoa mipira, wanasesere, kamba na vikapu. Waya na vizibo vya chupa hutoa magari, na kandambili iliyokatika hutoa matairi. Ukindu hutoa mikeka. Na hapo ndipo bibi wa kambini, ambaye pengine hakuna aliyemwuliza neno kwa mwaka mzima, hugeuka kuwa mwalimu mkuu. Vipande vya nguo ya gome la mti wa mutuba hufaa kubandikwa penye picha. Kazi hii ya magome ilitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa urithi wa binadamu wote, na ni haki mtoto wa Uganda aishike mkononi kabla hajaiona katika jumba la makumbusho.

Yako machache ya kukatazwa, nayo yakatazwe kwa ukali. Vyuma vya uwanja wa shabaha visiletwe kabisa. Mtoto aonaye kitu asichokifahamu asikiguse, akumbuke mahali, akimbie kumwambia mtu mzima. Betri kuukuu zisivunjwe kwa ajili ya ule weusi uliomo ndani, ingawa zamani wengi wetu tuliona ubao wa shule ukipakwa kwa weusi huo, kwa kuwa zina sumu. Watoto wadogo wasipewe vizibo wala mbegu ndogo, maana huzitia mdomoni. Visu na nyembe ziwe chini ya ulinzi, zihesabiwe kabla na baada ya kazi, kama tunavyohesabu vitu vyetu ghalani.

PICHA ZA KUFUMBA MACHO

Iko njia moja isiyohitaji kitu chochote ila sauti. Marion Richardson, mwalimu wa sanaa wa Uingereza ambaye Margaret Trowell alijifunza kwake, aliwaambia wanafunzi wafumbe macho, kisha akawasimulia mahali kwa maneno: soko wakati wa jioni, mvua juu ya mapaa, taa zikimulika njia yenye maji. Walipokwisha iona picha akilini, ndipo walipofumbua macho na kuichora. Hakuna aliyeweza kuiga, kwa kuwa kila mmoja alikuwa ameona yake.

Njia hii yafaa sana kambini kwetu, ambapo watoto wa makabila mengi hukaa pamoja. Mzee mmoja asimulie hadithi ya sungura kwa Kiswahili, lugha yetu sote. Mwacholi, Mnyankole, Mganda, Mlugbara na Mteso watachora sungura mmoja katika vijiji vitano mbalimbali. Baadaye hadithi hiyohiyo yaweza kuigizwa, na soksi kuukuu zenye macho ya vifungo zikawa wahusika wake.

UTARATIBU WA KUENDESHA KAZI

Kazi isiyo na utaratibu hufa katika juma la kwanza. Ruhusa iombwe kwa mkuu wa kambi, na mahali pachaguliwe penye kivuli, mbali na magari, ghala na silaha. Saa mbili kwa asubuhi, siku tatu za juma, zatosha. Watoto wagawanywe kwa umri: walio chini ya miaka sita, wa miaka sita hadi tisa, na wa miaka 10 na kuendelea. Kila kundi liwe na watu wazima wawili, wala mtu mzima mmoja asiachwe peke yake na mtoto mahali pa faragha. Kanuni hiyo ni ya kulinda watoto, tena humlinda hata mlezi mwema na maneno ya watu.

Wasichana waangaliwe kwa namna ya pekee. Mara nyingi mvulana huachiwa aende kucheza, na dada yake hubaki na sufuria, maji na mtoto wa kubeba. Kama saa ya sanaa itawekwa wakati wa kazi za nyumbani, tutajikuta tumefundisha wavulana peke yao. Akina mama waulizwe kwanza ni saa ipi wanaweza kuwaachilia binti zao, na ndugu mdogo aliyebebwa apokelewe pia, akalie mkeka.

Walimu wasitafutwe mbali. Katika kila kambi wako fundi seremala, fundi cherehani, mpiga ngoma wa bendi na mke wa askari aliyesomea ualimu. Askari aliyestaafu naye ana hadithi nyingi kuliko vitabu.

WALE WALIOONA MENGI

Wako watoto ambao sanaa kwao ni zaidi ya kupitisha siku. Wakati wa vita vya Joseph Kony kaskazini mwa Uganda, maelfu ya watoto walitekwa nyara. Wale waliookolewa au waliotoroka walipokelewa na kitengo cha jeshi cha kuwahifadhi watoto mjini Gulu, kisha wakakabidhiwa kwa vituo vya malezi kama kile cha GUSCO, kilichoanza kazi mwaka 1994. Humo walipewa karatasi na kalamu za rangi. Wengi hawakuweza kuyasema yaliyowapata, bali waliweza kuyachora: bunduki, helikopta, nyumba zikiwaka moto, watu waliofungwa kamba wakitembea katika safu. Picha zilitangulia, maneno yakafuata baadaye.

Hata katika mahali pabaya zaidi duniani jambo hili lilionekana. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, mchoraji Friedl Dicker-Brandeis, mzaliwa wa Vienna, alipelekwa na Wanazi pamoja na Wayahudi wengine katika kambi ya Terezín, mwezi wa Desemba 1942. Humo aliwafundisha watoto kuchora, naye alisisitiza kwamba kila mtoto aandike jina lake penye picha yake. Mwezi wa Oktoba 1944 alipelekwa Auschwitz, akauawa. Picha zipatazo 4,500 zilibaki ndani ya masanduku mawili ya safari, na leo zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Wayahudi mjini Prague. Wengi wa watoto wale waliuawa pia. Majina yao yapo, kwa kuwa yupo aliyewaambia wayaandike.

Katika kambi zetu wapo watoto wa mashujaa walioanguka, na wapo waliohamishwa shule mara tatu katika miaka mitatu. Tusijifanye matabibu, wala tusiipeleleze kila picha kama ushahidi wa kesi. Mtoto achoraye bunduki kambini pengine amechora tu akionacho langoni. Lakini mtoto arudiaye picha ileile ya kutisha siku baada ya siku, halali vizuri, hachezi na wenzake, huyo mama yake aitwe kwa upole, na apelekwe kwa mshauri au kwa mganga wa kikosi. Hiyo si aibu.

MWISHO WA LIKIZO

Katika juma la mwisho la Januari, kazi zote zioneshwe. Kamba itandazwe kutoka mwembe hadi mwembe, picha zibanwe kwa vibanio vya nguo, na vitu vya udongo vipangwe mezani. Kila kazi iwe na jina la mtoto na umri wake. Mkuu wa kambi aalikwe, na walimu wa shule ya jirani pia, na raia wanaoishi nje ya lango, kwani watoto wao hucheza na wetu. Tungeshauri pasiwe na wa kwanza, wa pili na wa tatu. Mashindano yana siku zake katika riadha. Hapa mtoto wa miaka mitano aliyechora mistari mitupu naye asimame mbele ya kazi yake aieleze, apigiwe makofi.

Na baba aliye mbali asisahauliwe. Picha moja yaweza kukunjwa ikatiwa katika bahasha na kukabidhiwa askari anayerudi kikosini, au ikapigwa picha kwa simu na kumfikia usiku huohuo. Tunawakumbusha tu akina mama jambo la usalama: picha ya mtoto inayoonesha lango, ghala na njia za kambi itumwe kwa baba peke yake, isitandazwe mitandaoni.

Ndugu wapiganaji, tumezoea kuulizana kama kambi iko salama kwa kutazama uzio, lango na zamu ya ulinzi. Tuongeze swali moja: watoto wake wanafanya nini saa nne ya asubuhi, siku ya likizo? Penye mwembe, mkeka, ndoo ya udongo na watu wazima wawili wenye subira, jibu limepatikana. Desemba ijayo haiko mbali. Mwenye nafasi na aanze sasa kuweka maboksi yake, na yule atakayepata ruhusa ya siku chache, akifika nyumbani, na aketi kwanza mkekani, asikilize habari za ng'ombe wa buluu.